Mzazi Asingoje Gizani

Liko jambo moja ambalo hutokea kila mwaka katika kisiwa cha Pemba, nalo halizungumzwi sana katika mikutano yetu kwa sababu kila mtu hulidhani kuwa ni la nyumbani kwake peke yake. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yakisha kutangazwa, ambayo kwa miaka ya karibuni yamekuwa yakitoka mwezi wa Julai, huanza kipindi cha kungoja. Mtoto amefaulu. Jamaa wamefika kutoa pongezi, dua imesomwa, sinia zimeliwa. Baada ya hapo hufuata kimya. Agosti hupita, Septemba huingia, na baba na mama bado hawajui kama mtoto wao amepata nafasi katika chuo kikuu. Na hata akiipata, hawajui kama atapata mkopo wa kumwezesha kuitumia.

Atakayekaa Wete au Chake Chake katika miezi hiyo atawatambua wazazi hao bila ya kuonyeshwa. Baba aliyezoea kukaa barazani na wenziwe baada ya sala ya isha huondoka mapema. Mama huamka usiku kumwuliza binti yake kama ile simu imelia. Kijana mwenyewe huanza kuwakwepa watu njiani, kwani kila anayekutana naye humwuliza swali lile lile: "Vipi, wameshakuita?" Naye hana jibu.

Leo twataka kulitoa jambo hili chumbani na kuliweka barazani. Maoni yetu ni haya: kungoja kwenyewe si dhara, kwani hakuna nchi ambayo mtoto huingia chuo kikuu bila ya kungojeshwa. Dhara ni kungoja gizani, yaani kungoja bila ya kujua unangoja nini, kutoka kwa nani, mpaka lini, na ufanye nini jibu likiwa baya. Giza hilo halikuletwa na mtihani. Ni upungufu wetu sisi tulio na wajibu wa kuwaeleza wananchi, na kwa hiyo twaweza kuliondoa.

Kabla ya kulaumu, haki yataka tukumbuke tulikotoka. Katika zama za ukoloni mkulima wa Pemba hakuwa na wasiwasi wa namna hii, kwa kuwa hakuwa na cha kungojea. Afrika Mashariki nzima ilitegemea Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, na nafasi zake zilikuwa za kuhesabu. Mtoto wa mchumaji karafuu hakuwa miongoni mwa waliotarajiwa kufika huko. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo katika Zanzibar. Upande wa Bara, chuo kikuu cha kwanza kilikuwa kimekwisha funguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kwa wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama cha watu maskini kiliwapa wasomi wa kwanza nafasi katika nyumba yake chenyewe. Baadaye sana, kwa sheria ya mwaka 1999, Zanzibar ilipata Chuo Kikuu chake cha Taifa, yaani SUZA, kilichoanza kufundisha mwaka 2001, na leo chuo hicho kina kampasi Pemba kwenyewe, huko Mchanga Mdogo.

Kwa hiyo mzazi anayekosa usingizi leo anakosa usingizi kwa sababu mlango uliokuwa umefungwa mbele ya babu yake umefunguliwa. Wasiwasi wake ni mtoto wa uhuru. Lakini mtoto wa uhuru naye hulelewa. Haachwi akakua mwenyewe.

Sasa tuitazame njia yenyewe, maana wengi hulalamika wasijue walalamikie wapi. Skuli aliyosoma kijana iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mtihani alioufanya ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na Baraza hilo ni jambo la Muungano. Elimu ya juu nayo ni jambo la Muungano, na msimamizi wake ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Mikopo iko katika bodi mbili: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Cheti cha kuzaliwa chatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Sahihi yatoka kwa sheha. Hivyo jambo moja la mtoto mmoja hupita katika mikono mingi, na kila mkono una tarehe zake, fomu zake na lugha yake. Mtu aliyesoma mwenyewe huchanganyikiwa. Itakuwaje kwa yule ambaye hakuna aliyemtangulia chuoni katika ukoo wake wote?

Jambo la pili lisiloeleweka ni tofauti iliyopo baina ya kufaulu na kuchaguliwa. Ili mtu afikiriwe kwa shahada ya kwanza yatakiwa, kwa utaratibu wa kawaida, awe amefaulu masomo mawili makuu yanayohusiana na kozi anayoiomba, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A huhesabiwa 5, B huhesabiwa 4, na kuendelea hivyo mpaka E ambayo ni 1. Hicho ni kizingiti cha mlango, wala si kiti cha ndani. Ikiwa kozi ya udaktari ina nafasi chache na waombaji ni wengi, chuo huanza na wenye alama za juu na kushuka chini mpaka nafasi ziishe. Wazazi wengi huambiwa kwamba mtoto "amepita", wakaamini kwamba kilichobaki ni barua tu. Barua isipokuja, hudhani pana mkono wa mtu. Mara nyingi hapana mkono wa mtu; pana hesabu ambayo hakuna aliyekaa nao akawafahamisha.

Jambo la tatu ni uthibitisho. Kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuchagua kimoja, kwa namba maalumu inayotumwa katika simu yake, na katika siku zilizowekwa. Mtu wa mjini huliona jambo hili jepesi. Lakini chukueni mfano wa nyumba ya mvuvi wa Kojani, yenye simu moja, nayo ni ya baba. Baba amekwenda dago, na simu ameichukua, kwani asipokuwa nayo atajuaje habari za nyumbani? Ujumbe ukifika, unamfikia mtu aliye mbali baharini au ufukweni mwa ugenini, pasipo mtandao, naye hajui kwamba herufi hizo chache ndizo zinazobeba miaka 13 au 14 ya masomo ya mwanawe. Akirudi, siku zimepita. Kosa hapo ni la nani? Si la mvuvi. Kosa ni la wote tuliokuwa tukijua kwamba namba ya simu iandikwayo katika maombi ni lazima iwe ya mtu atakayekuwapo, tusimwambie.

Twende sasa kwenye fedha, maana ndiko roho ya mzazi inakobanwa zaidi. Miezi ya kungoja majibu ya vyuo ndiyo miezi ambayo, katika mwaka wenye mazao, Pemba huwa mashambani. Karafuu zachumwa, zaanikwa juu ya majamvi, zaanuliwa mvua ikitisha, kisha zapelekwa ZSTC. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na mwenye shamba hupata chake baada ya karafuu kukauka na kupimwa. Mkarafuu nao hauzai kwa wingi kila mwaka. Mzazi asiyejua kama mtoto wake atapata mkopo, au atapata nusu, au hatapata kitu, hawezi kupanga lolote. Ajenge au asijenge? Alipe deni la zamani au aliache? Aziweke fedha kwa ajili ya ada ambayo huenda isihitajike, au azitumie kisha chuo kimwite mtoto akiwa mikono mitupu? Wako ambao, kwa hofu hiyo, huuza karafuu zingali juu ya mti kwa bei ya kutupa, ili tu wawe na fedha mkononi siku ya majibu. Mwalimu au muuguzi hukopa kwa dhamana ya mshahara wake. Mpakizi wa bandarini Mkoani hukopa kwa jirani. Na tanguliza la maombi ya mkopo lenyewe ni kwamba mwombaji huanza kuomba kabla hajajua chuo, na jibu la mkopo huja baada ya jibu la chuo, wakati mwingine wanafunzi wakiwa tayari wanafungasha mizigo. Hapo ndipo kungoja kunapogeuka kuwa hasara ya mali.

Na mahali penye giza hapakosi mwizi. Katika msimu huu hutokea watu wanaosema, "Nina mtu wangu ndani." Huomba fedha kidogo ya "kusukuma faili," kisha nyingine, kisha hawaonekani tena. Yatupasa kusema wazi: nafasi ya chuo kikuu haipatikani kwa kusukumiwa na mtu wa barazani. Ada ya maombi hulipwa kwa chuo, kwa utaratibu wa chuo, na risiti hutoka. Anayetaka alipwe mkononi ni tapeli, hata akija amevaa sare ya Chama. Kama amevaa sare ya Chama, basi kosa lake ni mara mbili.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, na kwamba wazazi duniani kote huhangaika. Ni kweli wanahangaika. Huko China, katika mwaka 2024, zaidi ya watu milioni 13 walijiandikisha kwa mtihani mmoja wa kuingilia vyuo, na wazazi husimama nje ya malango ya skuli mpaka watoto watoke. Jirani zetu wa Kenya wana taasisi moja ya serikali, KUCCPS, inayowapanga wanafunzi katika vyuo, na mzazi wa Mombasa naye huisubiri siku ya majina kwa roho juu. Hata hapa kwetu tumejaribu njia mbili. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU: mtu aliomba mara moja, akaandika chaguo zake, akangoja. Tangu mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake kwa chuo moja kwa moja. Njia ya pili imevipa vyuo uhuru wa kuchagua wanafunzi wao, na mwombaji naye akapata uhuru wa kwenda atakako. Lakini uhuru huo una bei: kila chuo kina fomu yake na ada yake, na mwenye fedha huomba vyuo vitano ilhali maskini huomba kimoja na kukiwekea matumaini yake yote.

Hatusemi turudi nyuma. Twasema kwamba kila utaratibu humfaa zaidi anayeuelewa. Mtoto wa ofisa mjini Unguja anaye mjomba aliyesoma chuo hicho hicho, anayo kompyuta nyumbani, na baba yake anaweza kupiga simu kuuliza. Naye hungoja, lakini hungoja kwenye taa. Mtoto wa mkulima wa Micheweni mwenye alama zile zile hungoja gizani. Alama zao ni sawa na kungoja kwao si sawa. Hili ndilo linaloigusa misingi yetu, kwani Chama hiki hakikuundwa ili tofauti ya kuzaliwa irudi kwa mlango wa nyuma baada ya kutolewa kwa mlango wa mbele.

Ni nini basi la kufanya? Kwa vyombo vinavyohusika twaomba mambo matatu. Kwanza, tarehe za mikono yote tuliyoitaja, yaani vyuo, Tume na bodi zote mbili za mikopo, zitolewe kwa pamoja katika karatasi moja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na karatasi hiyo ibandikwe kwa kila sheha, Unguja na Pemba. Pili, jibu la mkopo lisogezwe karibu na jibu la chuo kadiri iwezekanavyo, ili mzazi aweze kuamua juu ya karafuu zake au mshahara wake akiwa na habari kamili. Tatu, kijana aliyekosa aelezwe sababu kwa maneno ya wazi: kwamba alama hazikutosha kwa kozi ile, au kwamba cheti kilikosekana, au kwamba nafasi zilijaa. Mtu aliyeambiwa sababu hujipanga upya katika awamu inayofuata, kwani awamu huwa zaidi ya moja. Asiyeambiwa hubaki akilaani.

Kwa matawi yetu ya Pemba hatuombi, bali twakumbusha wajibu. Kila tawi liwajue vijana wa Kidato cha Sita walio katika eneo lake, kwa majina. Kila tawi limpate kijana mmoja aliyekwisha pita njia hii, naye akae na wenziwe jioni mbili au tatu kuwasaidia kujaza fomu, kuandaa vyeti na kuchagua kozi kwa kutazama alama badala ya kutazama sifa za mitaani. Wazee wafahamishwe maana ya namba ile inayokuja katika simu. Kazi hii haihitaji bajeti. Yahitaji taa, meza na mtu mwenye moyo.

Wala asiulizwe mtu kadi. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu twaijua historia ya siasa za Pemba, na tunajua jinsi zilivyowahi kugawa majirani, harusi na hata misiba. Fomu ya kuomba chuo haina mahali pa kuandika chama cha baba. Mwanachama atakayemnyima mtoto wa jirani msaada kwa kuwa baba yake huenda mkutano wa upande mwingine, huyo hakukijenga Chama; amekipunguzia mtu mmoja leo na watu kumi kesho.

Limebaki neno moja kwa wazazi wenyewe, nalo ni gumu kidogo. Ndugu zetu, kijana huyu ni mtoto wenu, si dhamana ya deni. Ziko nyumba ambamo mtoto husikia kila siku hesabu ya vilivyouzwa kwa ajili yake: ng'ombe yule, shamba lile, bangili za mama. Husemwa kwa mapenzi, lakini masikioni mwake ni mashtaka. Jibu likichelewa, hujiona mkosaji kwa jambo ambalo halimo mikononi mwake tena. Mwacheni aende shamba achume na wenziwe, alale usingizi, acheke. Mtihani ameshaufanya.

Na akikosa, isiwe ni msiba. Asiyeingia chuo kikuu mwaka huu anaweza kuingia kwa njia ya stashahada, kwani mwenye stashahada ya wastani wa 3.0 hukubaliwa kuomba shahada. Viko vyuo vya mafunzo ya amali Vitongoji na Daya Mtambwe, na nchi inayojenga nyumba, boti na mitambo ya umeme ina haja ya fundi kama ilivyo na haja ya mwanasheria. Tumezoea kumhesabu kijana aliyekwenda chuo kikuu kuwa ndiye aliyefika, na aliyeshika chombo cha kazi kuwa ndiye aliyebaki. Fikra hiyo tuliirithi kwa mkoloni, aliyetaka makarani, na hatuna sababu ya kuitunza.

Wahenga walisema subira yavuta heri, nasi hatuwapingi. Lakini subira waliyoisifu ni ya mtu aliyekwisha panda, akajua mvua huja mwezi gani. Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa kungoja. Amengoja mikarafuu kwa miaka kabla ya kuichuma. Anachostahili kutoka kwetu ni kuambiwa msimu. Vyombo vya umma vikitoa tarehe na sababu, na matawi yakiwasha taa na kuweka meza, mwakani mzazi wa Konde na mzazi wa Mkoani watangoja kama wanavyongoja wenziwao wa mjini: roho juu, ndiyo, lakini macho wazi.